Mtu Mzima kwa Mistari Michache

Askari yeyote aliyewahi kukaa katika darasa la mafunzo, awe wa jeshi au wa polisi, anaijua karatasi tunayotaka kuizungumzia leo. Ni karatasi iliyopigwa fotokopi kutoka karatasi nyingine ya fotokopi, imekunjwa mara nne, imekaa mfukoni siku nyingi, na juu yake kuna mtu aliyechorwa kwa mistari myeusi. Mtu huyo hana jina wala uso wa kutambulikana. Amesimama wima, au amepiga goti na bunduki begani, au amelala ubavu kama majeruhi. Mwalimu husema maneno mengi, na maneno mengi husahaulika. Mtu wa mistari hubaki mfukoni.

Yafaa tujiulize kwa nini kazi hii hupewa mchoro na si picha ya kamera. Sababu ya kwanza ni karatasi yenyewe. Picha ya kamera ina weusi, weupe, na kijivu cha kila namna katikati. Ikipita katika mashine ya fotokopi mara ya kwanza, kijivu huanza kupotea. Ikipita mara ya tatu, mkono na koti huwa doa moja jeusi. Mstari hauna kijivu. Ama upo, ama haupo. Sababu ya pili ni kwamba kamera haichagui: huonyesha nyasi, vifungo, mikunjo ya suruali, na hata mtu aliyekuwa akipita nyuma. Sababu ya tatu ni heshima. Picha ya kamera ni ya mtu fulani, mwenye jina na jamaa, ambaye huenda asipende kuonekana maisha yake yote akiwa amelala chini kama aliyejeruhiwa.

Kwa askari wetu iko sababu ya nne. Katika Uganda Kiswahili kilitumika jeshini na katika polisi tangu enzi za ukoloni, kwa kuwa askari walitoka katika makabila mengi yenye lugha mbalimbali. Mchoro ni ndugu wa lugha hiyo. Mwacholi, Mganda, Mlugbara na Mteso huweza kuutazama mchoro mmoja na kufanya tendo moja. Lakini liko sharti: mchoro uwe umechorwa sawasawa. Amri mbaya hupotosha kikosi kwa siku moja. Mchoro mbaya ni amri mbaya inayorudiwa kila siku, na hakuna anayeisahihisha.

Siku hizi michoro mingi ya namna hii haitoki tena katika mkono wa msanii peke yake. Hutolewa katika mwili wa mtu uliotengenezwa ndani ya kompyuta. Tumeona ni vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na mahali ambapo mashine, pamoja na ustadi wake wote, huweza kumpotosha askari.

WALIOTUTANGULIA

Kufundisha askari kwa michoro si jambo la jana. Mwaka 1607, mjini The Hague nchini Uholanzi, kilitolewa kitabu cha mchoraji Jacob de Gheyn kilichoonyesha namna ya kutumia silaha. Kilikuwa na picha 117, na kila picha ilimwonyesha askari mmoja katika tendo moja tu. Picha 42 zilikuwa za bunduki nyepesi, 43 za bunduki nzito iliyoitwa masketi, na 32 za mkuki mrefu. Zilichongwa juu ya sahani za shaba, na hata vivuli vyake vilifanywa kwa mistari. Kushindilia bunduki ya siku zile kulikuwa na hatua nyingi, na askari aliyeruka hatua aliweza kujiunguza kwa baruti yake mwenyewe. Kwa hiyo mchoraji aligawa kazi vipande vipande: tendo moja, picha moja. Kanuni hiyo haijachakaa hata leo.

Hata hivyo, kazi ya mkono ilikuwa na taabu yake. Mchoraji alihitaji mtu wa kusimama mbele yake bila kutikisika. Na akiisha kumaliza, mkubwa akasema, "Sasa tumwone kutoka upande wa kushoto," hakuwa na budi kuanza upya tangu mstari wa kwanza.

Njia ya kuondoa taabu hiyo ilipatikana katika kiwanda cha ndege. Katika miaka ya 1960 William Fetter, msanii aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Boeing nchini Marekani, alitengeneza mwili wa mtu kwa hesabu za kompyuta. Mtu huyo alijulikana kama Boeing Man, na mara nyingi huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza wa aina yake. Kampuni haikuwa ikitafuta urembo. Ilitaka kujua kama rubani akiketi kitini mwake ataweza kuvifikia vyombo vilivyo mbele yake, kabla ya kutumia fedha kukijenga chumba chenyewe. Basi Fetter alimkalisha mtu wake, akampinda viwiko na mabega, na mashine yenye kalamu ikamchora juu ya karatasi kwa mistari mitupu. Alipotaka kumwona kutoka upande mwingine, hakuanza upya. Aliibadili hesabu, na kalamu ikachora tena.

Baadaye, katika miaka ya 1980, Norman Badler na wenzake wa University of Pennsylvania walitengeneza mtu mwingine wa hesabu, wakampa jina la Jack. Miongoni mwa waliogharimia kazi hiyo walikuwamo NASA na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Hivyo basi askari hakuja katika habari hii kama mgeni. Amekuwamo tangu zamani.

MTU WA TARAKIMU

Mtu huyu wa kompyuta tumwite mtu wa tarakimu, maana mwili wake wote ni namba. Mfano ulio karibu nasi ni wavu wa mvuvi. Fikirini mtu amevikwa wavu mwili mzima, toka utosini hadi nyayoni, ukambana kila mahali. Kisha mtu atoweke, na wavu ubaki umesimama na umbo lake. Kila fundo la wavu huo lina namba tatu: ya kwanza yaeleza liko upande gani, ya pili liko juu kiasi gani, ya tatu liko mbele au nyuma kiasi gani. Kati ya mafundo kuna vipande vidogo bapa, vyenye pembe tatu au nne. Ndani ya wavu mna mifupa ya kuigiza yenye viungo, nawe ukiukunja mfupa wa mkono, wavu hufuata.

Programu za kazi hii zipo zinazopatikana bure. MakeHuman humtengeneza mtu, naye mtumiaji huweza kumfanya mrefu au mfupi, mnene au mwembamba, kijana au mzee, mwanamume au mwanamke. Blender humpinda, humvika na kumchora. Ilipata kifaa cha kuchora mistari kiitwacho Freestyle mwaka 2013, na kingine kiitwacho Line Art mwaka 2021. Si neno dogo kwamba sasa askari wa kike anaweza kuonekana katika karatasi ya mafunzo kwa kimo na umbo lake, badala ya kuambiwa ajikisie kutoka katika mwili wa kiume.

Lakini kuwa na mtu wa tarakimu si kuwa na mchoro. Ukiiambia kompyuta ichore kila uzi wa wavu, utapata wavu, hutapata mtu. Nyuzi za mgongo zitaonekana kupitia kifuani, na mguu wa kulia utachanganyika na wa kushoto. Kwa hiyo kazi ina maswali mawili: mistari ipi inaonekana, na mistari ipi inafaa.

MISTARI ILIYOFICHIKA

Swali la kwanza liliwashughulisha wataalamu mapema. Lawrence Roberts alilishughulikia mwaka 1963 katika chuo cha MIT. Mwaka 1967 Arthur Appel wa kampuni ya IBM alieleza njia ambayo hata kuruta ataielewa. Kwa kila mahali pa mstari, hesabu ni vipande vingapi vya mwili vimekaa kati ya mahali hapo na jicho la mtazamaji. Ikiwa hakuna hata kimoja, mstari unaonekana, uchore. Ikiwa kuna kimoja au zaidi, umefichwa, uache. Ni sawa na mlinzi kuhesabu kuta zilizo kati yake na mtu anayemtafuta. Penye ukuta hata mmoja, hamwoni.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mstari wa kwanza unaofaa ni ule wa ukingo wa mwili. Kompyuta huupata hivi. Kila kipande bapa hupewa mshale uliosimama wima juu yake, kama miba ya nungunungu aliyejikunja. Mishale inayoelekea kwako ni ya vipande unavyoviona. Inayoelekea upande wa pili ni ya vipande vilivyokupa mgongo. Pale vipande viwili vinapopakana, kimoja kikiwa kinakutazama na kingine kimekugeuzia mgongo, hapo ndipo ukingo, na hapo ndipo mstari huchorwa. Ndiyo maana ukimgeuza mtu wa tarakimu hata kidogo, mstari huo huhama. Hauko juu ya mwili kama alama ya wino, bali huzaliwa kati ya mwili na jicho.

Mistari mingine ni ya mikunjo mikali, kama ukingo wa kisigino cha buti. Ya mipaka, kama mahali shati linapokoma na ngozi kuanza. Na ya migusano, kama mahali kiganja kinapokaa juu ya goti. Mwaka 2003 wataalamu wanne, DeCarlo, Finkelstein, Rusinkiewicz na Santella, walieleza mistari ya aina nyingine, ile ambayo si ukingo kwa sasa lakini ingekuwa ukingo kama mtazamaji angesogea kidogo. Mistari hiyo huonyesha bonde la shavu au unene wa msuli, mambo ambayo ukingo peke yake hauwezi kuyasema.

Iko pia njia ya mkato, iliyoelezwa mwaka 1990 na Wajapani Saito na Takahashi. Hapo kompyuta hutengeneza kwanza picha ambayo kila nukta yake haishiki rangi, bali hushika umbali kutoka kwa jicho. Pua iko karibu, sikio mbali kidogo, ukuta wa nyuma mbali sana. Kisha kompyuta hupita nukta kwa nukta, na umbali unaporuka ghafla, hutia weusi. Njia hii ni ya haraka, ila mistari yake ni nukta zilizopangana. Ukiikuza iwe picha ya ukutani, huonekana kama msumeno.

TULIPOJARIBU WENYEWE

Ili tusiandike mambo ya kusikia tu, tulijaribu wenyewe. Tulichagua tendo ambalo kila askari hufundishwa katika huduma ya kwanza: kumlaza ubavu mtu aliyezimia lakini anapumua. Wasomaji wetu wanaijua sababu yake. Aliyezimia akilala chali, ulimi au matapishi huweza kuziba njia ya hewa, akafa mbele ya watu wenye nguvu za kumwokoa. Kwa hiyo mkono wake ulio upande wako huwekwa kwa pembe mraba. Mkono wa mbali huvukishwa kifuani, mgongo wa kiganja ukakaa chini ya shavu. Goti la mbali huinuliwa, naye hugeuzwa kukuelekea. Kiganja hushika kichwa, mdomo huelekea chini ili majimaji yatoke, na goti lililokunjwa humzuia asijibingirishe kifudifudi.

Tulimpinda mtu wetu wa tarakimu hivyo, tukaiamuru programu ichore. Mchoro wa kwanza ulijaa. Mikunjo ya shati, mishono ya suruali, kucha, nywele, vyote vilikuwapo, nasi tulishindwa kuona mkono umepita wapi. Tukaiamuru ichore ukingo peke yake. Mchoro wa pili ulipendeza sana machoni. Ungeweza kuutia katika kitabu na kila mtu akausifu.

Tulimpa konstebo mmoja kijana, ambaye hakuwa amepata somo hilo, tukamwomba amlaze mwenzake kwa kufuata karatasi tu. Alijaribu kwa bidii. Aliuweka mkono wa chini chini ya shavu, na ule wa juu akaunyoosha nyuma ya mgongo. Kichwa cha mwenzake kikaning'inia, na mwili ukaanza kurudi chali. Kijana akatuuliza kwa adabu, "Samahani, afande, katika picha hii mkono huu ni wa kulia au wa kushoto?" Tulitazama mchoro wetu mzuri, na hatukuwa na jibu. Kiganja kilichokuwa chini ya shavu hakikuwapo kabisa.

Kilikwenda wapi? Tulipomkagua mtu wa tarakimu, tulikuta kiganja kimezama kidogo ndani ya shavu, jambo ambalo mwili wa kweli hauwezi kulifanya, lakini nyavu mbili za kompyuta hupenyana bila kulia. Kompyuta ilihesabu kama Appel alivyofundisha: kati ya vidole na jicho kuna kipande kimoja cha shavu, kwa hiyo vidole vimefichika, visichorwe. Hesabu ilikuwa sahihi. Mchoro ulikuwa wa kuua mtu.

Na kuhusu mkono upi ni upi, tulikumbuka picha ya kivuli cha mchezaji anayezunguka, iliyotengenezwa na Mjapani Nobuyuki Kayahara mwaka 2003. Watu wawili huitazama pamoja, mmoja akaapa kwamba anazunguka kuelekea kulia na mwingine kushoto, na wote wana haki. Kivuli kina ukingo tu. Hakina mstari wa ndani wa kusema mguu upi uko mbele. Mchoro wetu wa pili ulikuwa na ugonjwa huo huo.

Tukarekebisha. Tuliutoa mkono ndani ya shavu, tukaagiza mistari ya migusano irudi. Tuliinua kamera juu kidogo, ili mikono miwili isilale katika mstari mmoja. Ukingo wa nje tuliufanya mnene na mistari ya ndani myembamba. Mahali goti lilipopita mbele ya mguu wa pili, tulikata mstari wa mguu wa nyuma kabla haujaugusa wa mbele, tukaacha weupe kidogo, na mara ikaonekana wazi kipi kiko juu. Mikunjo ya shati tuliifuta yote. Kisha tukaipitisha karatasi katika fotokopi mara tatu, nakala juu ya nakala, na tukampa konstebo mwingine. Huyu hakuuliza swali. Alimlaza mwenzake, kichwa kikakaa juu ya kiganja.

Nani aliyechora mchoro huo? Kompyuta ilichora kila mstari. Lakini haikujua kwamba kiganja ni uhai na mkunjo wa shati si kitu. Kwake vyote ni kingo za namba. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton University waliwaomba wachoraji wachore maumbo yaliyokuwamo katika kompyuta, wakalinganisha mistari ya watu na ya mashine. Mistari mingi ililingana. Lakini hakuna kanuni moja ya hesabu iliyoweza kuieleza mistari yote ambayo wachoraji waliitia. Sehemu iliyobaki ilikuwa hukumu ya mtu.

NENO KWA WANAOTAYARISHA MASOMO

Kwa hiyo tunawaomba sajini, wakaguzi na walimu wote wanaotayarisha karatasi za mafunzo wasiukatae ufundi huu, kwa kuwa unaokoa siku nyingi za kazi, wala wasiusujudie. Chagueni tendo moja kwa picha moja. Mtafutieni mtu wa tarakimu upande ambao viungo vyake vyote vya lazima vinaonekana, kabla hamjaanza kufikiria mistari. Ondoeni kila mstari usiofundisha. Mchoro uhifadhiwe kama mistari ya hesabu, ili ukuzwe hadi ukubwa wa ukuta bila kuharibika. Kama hapana budi uwe wa nukta, basi zisipungue 600 kwa kila inchi. Ipitisheni karatasi katika fotokopi ile mbovu ya ofisini, si katika ile nzuri. Na mwishowe, mpeni mtu asiyelijua somo, mnyamaze kimya, mtazame mikono yake inafanya nini.

Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli katika mambo mengi. Lakini askari anayepiga magoti usiku kando ya mwenzake aliyeanguka, tochi mdomoni na karatasi iliyokunjwa mkononi, anastahili kuambiwa atazame wapi. Akifuata mstari uliokosewa, kompyuta haitaitwa mbele ya mkubwa kujieleza. Atakayeulizwa ni mtu aliyeitazama karatasi ile mara ya mwisho, akasema inatosha, akaitia sahihi. Basi mtu huyo aitazame mara moja zaidi.